Mwanga na Ishara katika Yai la Nzi wa Matunda

Ndizi zikiachwa mezani hata zikaiva kupita kiasi, hazikawii kuzungukwa na vijinzi vidogo vyenye macho mekundu. Mwenye nyumba huvipunga kwa mkono, asivifikirie tena. Wataalamu wa elimu ya viumbe, hata hivyo, hawajaacha kuvifikiria tangu mwaka wa 1910, Thomas Hunt Morgan wa New York alipotangaza habari za dume mmoja aliyezaliwa na macho meupe. Katika makala hii nataka kueleza swali moja juu ya nzi huyo ambalo lilikaa miaka mingi bila jibu, na jinsi mwanga wa rangi ya buluu ulivyolijibu kwa namna isiyotazamiwa.

Yai lake lina urefu wa nusu milimita hivi. Likiisha kutungishwa, kiini chake kimoja hujigawa kuwa viwili, vinne, vinane, na kuendelea mpaka mara 13. Na viini hivyo, ambavyo mwishowe hupata kama elfu sita, hukaa vyote ndani ya chombo kimoja kisicho na vyumba. Kiasi cha saa tatu tangu mwanzo ndipo kuta hushuka kati ya kiini na kiini, kila kimoja kikapata seli yake. Kwa joto la digrii 25 za sentigredi, siku moja tu yatosha buu kutoka. Basi msomaji na ajiulize: seli hizi zafanana zote, ni nani aziambiaye kuwa hii ni ya kichwani na ile ni ya mkiani?

Jibu la kwanza lilitoka Heidelberg, Ujerumani, ambako Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliharibu jeni za nzi makusudi, wakachungua mabuu yaliyotokea na kasoro. Kazi yao waliitoa mwaka wa 1980, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1995 pamoja na Edward Lewis wa Marekani. Kwa njia hiyo ya kuharibu na kutazama, wataalamu waligundua kuwa ncha mbili za yai hupata ishara yao ya peke yake. Nzi mama aliyekosa jeni iitwayo trunk hutaga mayai ambayo mabuu yake hayana mkia, na vichwa vyake ni pungufu, nayo hufa.

Nasema ishara, ingawa najua wako watakaopenda neno ujumbe. Ujumbe una maneno ndani yake, na jambo hili halina maneno: ni mguso upokezwao kutoka mkono hadi mkono. Protini iitwayo Trunk, iliyo nje, hugusa kipokezi kiitwacho Torso kilicho katika utando. Kipokezi huivuta protini nyingine, SOS, ije utandoni. SOS huamsha Ras. Ras nayo huamsha ya pili yake, na hiyo ya tatu, mpaka zamu imfikie Erk, ambaye huingia katika kiini na kuamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Torso ameenea yai zima, lakini Trunk hutengenezwa akafaa kwenye ncha tu. Kwa hiyo ishara ni kali nchani, nayo hufifia kadiri iendavyo katikati, kama sauti ya mwadhini iwafikiavyo walio mbali.

Hapa ndipo penye ugumu. Kuharibu jeni ni sawa na kumwondoa mwadhini mjini kabisa. Tutajua kwamba watu wamechelewa kusali, lakini hatutajua kama ilikuwa lazima sauti iwe kubwa kiasi kile, wala kama ilidhuru kitu kwamba wa mbali walisikia kidogo kuliko wa karibu. Wengi walidhani kufifia kule ndiko kunakozifundisha seli: iliyopata ishara nyingi huwa kitu hiki, iliyopata kidogo huwa kile. Dhana hiyo ilikuwa nzuri, ila hapakuwa na njia ya kuijaribu, maana hakuna aliyeweza kuishika ishara yenyewe na kuipima apendavyo.

Njia ilipatikana kutoka katika mimea. Mche wa oti, nafaka wapikiayo uji watu wa Uskoti, hupinda kuelekea mwanga, na kwa kazi hiyo una protini ibadilikayo umbo ipigwapo na mwanga wa buluu. Kipande cha protini hiyo kilitengenezwa upya kiwe kama kulabu ifungukayo mwangani, kikakazwa kwenye utando wa seli. Kipande cha pili, chenye asili ya bakteria wa utumboni, kikaungwa na ile sehemu ya SOS iamshayo Ras. Gizani vipande hivi haviko pamoja. Mwanga ukiwaka hushikana, SOS ikavutwa utandoni, na ishara ikaanza bila Trunk wala Torso. Ukizimwa, huachana baada ya muda mfupi. Mtafiti aweza basi, kwa hadubini, kuangaza ncha moja, au katikati, kwa dakika azitakazo.

Mwaka wa 2017 Heath Johnson, Jared Toettcher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Princeton walitangaza walichokiona. Ishara ya ziada, ikiwashwa mahali pasipo pake, haikumdhuru sana kiumbe, isipokuwa kati ya saa ya kwanza na ya nne tangu kutungwa. Katika saa hizo chache mpango wote wa mwili huvurugika.

Jaribio la 2020 ndilo lililonishangaza zaidi. Walichukua mayai ambayo hayakupata kabisa ishara ya nchani, yaani mayai ya kufa, wakaangaza ncha zake mbili kwa mwanga wa kuwaka na kuzimwa tu, bila kufifia kwa hatua. Mabuu yakatoka, yakala, yakakua, yakageuka nzi kamili, na nzi hao wakazaa. Kule kufifia kulikodhaniwa kuwa ndiyo siri hakukuhitajiwa. Walipopunguza muda wa mwanga, waliona kuwa viungo mbalimbali hutaka jumla mbalimbali ya ishara: kimoja huridhika na kidogo, kingine hakitokei mpaka kipate nyingi.

Mnyororo huu si wa nzi peke yake. Ras iliyoharibika hukutwa katika saratani nyingi za kongosho, utumbo mpana na mapafu. Tena, mwaka wa 1963 daktari Jacqueline Noonan wa Marekani alieleza habari za watoto wafupi, wenye kasoro ya moyo na nyuso za namna moja. Na mwaka wa 2007 ilijulikana kuwa baadhi ya wenye ugonjwa huo wana SOS iliyo na bidii kupita kiasi. Ishara yao ya ziada yaanza tangu kutungwa mimba. Ni katika siku zipi za mimba ndipo inapodhuru, na ni katika zipi mwili huistahimili, ndilo swali ambalo yai la nzi, likiangazwa kwa saa na dakika, limeanza kutuonyesha namna ya kuliuliza.