Bondeni Hakuna Mlima: Baiskeli, Loire na Msimbazi

Muuza madafu anayetoka Magomeni kwenda Posta huonekana mara nyingi akishuka kwenye baiskeli pale Barabara ya Morogoro inapoanza kupanda kutoka Jangwani kuelekea Fire. Kwa mkono mmoja anashika usukani, wa pili anaukaza kwenye tenga lililofungwa juu ya karia kwa mpira wa tyubu kuukuu, kisha anainama na kusukuma. Abiria wa basi la mwendokasi anayempita hawezi hata kukisia kwamba hapo pana mlima. Gari haliusikii. Miguu inausikia.

Hesabu yake haihitaji shahada. Tuseme mwenyewe ana kilo 65, baiskeli yake aina ya Phoenix ina kilo 20, na amepakia madafu 40 ya kilo mbilimbili. Jumla ni kilo 165. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kinachomzuia ni msuguano wa tairi na hewa kidogo, na miguu ikitoa nguvu ya wati 60 hivi inatosha. Barabara ikipanda kwa asilimia moja tu, yaani mita moja katika kila mita 100, nguvu inayotakiwa inakaribia kuwa mara mbili. Ikipanda kwa asilimia tatu, inakuwa karibu mara nne. Baiskeli yenyewe haina gia, kwa hiyo hawezi kuubadilisha mzigo huo uwe mwepesi kwa miguu. Kushuka na kusukuma ni uamuzi wa mtu anayejua kazi yake.

Kwa mkimbiaji wa mbio za baiskeli za barabarani mambo yamegeuka. Baiskeli yake inaweza kuwa nyepesi hadi kilo 6.8, uzito wa chini unaoruhusiwa na chama cha kimataifa cha mchezo huo, na tairi zake nyembamba zimejazwa upepo mpaka zinakuwa ngumu. Akifika kilomita 40 kwa saa mahali tambarare, karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu zake zinaliwa na hewa anayoipasua. Uzito unamsumbua milimani tu. Kwingineko kote adui wake ni upepo.

Waendesha baiskeli hao wawili hawaonekani kufanana kwa lolote, lakini wote wawili wanakimbilia bondeni, na sababu ni moja. Maji hayapandi. Mto ukishakata njia yake kwa maelfu ya miaka, kando yake panabaki ukanda unaoteremka taratibu kuliko barabara yoyote ambayo mhandisi angeweza kuichora akiwa mezani. Anayeendesha kandokando ya mto amepewa bure kazi ambayo mto uliimaliza zamani.

Mfano maarufu kuliko yote uko Ufaransa, katika bonde la Loire. Mto huo una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na hakuna mrefu kuushinda nchini humo. Orléans, mji ulio mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Atlantiki, uko karibu mita 100 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi pwani mteremko ni wastani wa robo mita hivi kwa kila kilomita, na jicho haliuoni. Ndiyo maana njia ya baiskeli inayoitwa La Loire à Vélo, ya kilomita 900 hivi, inaendeshwa na wazee, familia zenye watoto na watu ambao hawajagusa pedali tangu shule ya msingi. Njia hiyo ni sehemu ya ile ndefu zaidi inayovuka Ulaya kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi.

Kinachowavuta hasa ni makasri. Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza, lina paa lenye msitu wa minara na mabomba ya moshi. Chenonceau limejengwa juu ya matao yanayovuka mto Cher, mmoja wa mito inayoingia Loire, kiasi kwamba ukumbi wake mrefu ni daraja lenye madirisha. Amboise ndipo Leonardo da Vinci alipofariki, mwezi Mei mwaka huohuo wa 1519. Sehemu kubwa ya bonde iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Makasri hayakusongamana pale kwa bahati. Kabla ya reli, mto ndio uliokuwa barabara kuu, na mawe meupe laini ya chokaa yalichimbwa kwenye kingo zake yakapakiwa mashuani. Njia nyepesi, mawe jirani na wafalme wanaopenda kuwinda: vitatu hivyo vikikutana, makasri yanaota.

Lakini bonde likishakuondolea mlima, linakuachia upepo. Hilo analijua vizuri Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimichezo na David Kinjah, mkimbiaji wa baiskeli Mkenya aliyewafunza vijana wengi kupanda vilima vya Kikuyu. Julai 2013 Froome alikuwa amevaa fulana ya njano ya Tour de France, akiongoza kwa raha, wakati hatua ya 13 ilipoondoka Tours, mji ulio ukingoni mwa Loire, kuelekea Saint-Amand-Montrond. Ilikuwa siku ya kilomita 173 bila mlima wa maana. Wengi walitarajia siku ya kupumzika.

Upepo ukavuma kutoka ubavuni. Kwa kawaida mkimbiaji anayejificha nyuma ya mwenzake anaokoa theluthi moja hivi ya nguvu zake. Upepo ukitoka mbele, wote wanapanga foleni moja na kila mtu anapata kivuli. Ukitoka upande, kivuli nacho kinahamia upande: anayetaka kujificha lazima akae kwa mshazari, nyuma kidogo na pembeni kidogo ya aliyemtangulia. Mstari huo wa mshazari unaweza kuchukua watu wengi tu kadiri ya upana wa barabara. Nafasi zikiisha, waliobaki wanabanwa kwenye ukingo wa lami, kila mmoja akipigwa na upepo peke yake, na baada ya dakika chache kundi linakatika. Siku hiyo kundi la mpinzani wake Alberto Contador lilikatika mbele, Froome akabaki nyuma. Alipoteza dakika 1 na sekunde 9. Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili kwa jumla, aliharibikiwa gurudumu akapoteza karibu dakika 10. Froome alishinda mbio hizo Paris, ila pigo lake kubwa la mapema lilimpata mahali tambarare kama meza, si kwenye Alpi. (Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabara Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, kila mtu alizungumzia vilima. Ni haki, lakini vilima havina siri; mkimbiaji anaviona vinakuja.)

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam ina bonde, tena katikati ya jiji. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita karibu na Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unatanuka Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi chini ya Daraja la Selander. Safari yake yote haifiki kilomita 50. Jina la mto limeenea kila mahali: mtaa mkuu wa Kariakoo ni Msimbazi, na Simba, timu ya soka yenye klabu yake mtaani hapo, ni Wekundu wa Msimbazi, huku watani wao Yanga wakiwa Watoto wa Jangwani. Mashabiki wanaotaniana kila wiki kwa majina ya bonde moja wengi wao hawajawahi kutembea kando ya mto wenyewe hata nusu saa.

Si kosa lao. Hakuna njia. Barabara kubwa za jiji hazifuati bonde, zinalikata. Morogoro inalivuka Jangwani, Kawawa inalivuka Kigogo, Mandela inalivuka juu zaidi, na ile ya Ali Hassan Mwinyi inalivuka Selander. Kila inapokatiza, mwenye baiskeli anateremka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Anaulipia mlima ambao mto ulikwisha kumwondolea. Hapo ndipo muuza madafu anaposhuka na kusukuma.

Sababu ya barabara kulikwepa bonde inaeleweka. Msimbazi hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imezama maji zaidi ya mara moja, na mvua kubwa zikija, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mji unakatika vipande viwili. Loire nayo haikuwa mpole: mafuriko ya 1846, 1856 na 1866 yalivunja kingo na kumeza mashamba. Wafaransa walikuwa wakijenga matuta ya kuzuia maji tangu Zama za Kati, wakiyainua kila baada ya maafa. Leo sehemu ya njia ya baiskeli inapita juu ya matuta hayo. Ukuta wa kuzuia maji umegeuka barabara bora kuliko zote, kwa sababu uko juu, ni mpana, unafuata mto, na hakuna anayeruhusiwa kuujengea kibanda.

Kwa upande wa majengo, Dar es Salaam haina Chambord, lakini anayepiga pedali kutoka Pugu kwenda mjini hapungukiwi. Pugu ndipo Julius Nyerere alipofundisha hadi alipoacha ualimu mwaka 1955. Kutoka hapo Barabara ya Nyerere inateremka kupitia Gongo la Mboto, uwanja wa ndege na Tazara hadi Kariakoo, kwa mteremko wa wastani usiochosha. Magari ndiyo yanayochosha. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na paa lake la zege bado ni kazi ya ujasiri kuliko maghorofa yote ya vioo yaliyolizunguka. Mtaa wa Lumumba ndiko TANU ilikozaliwa, 7 Julai 1954. Ukivuka Mnazi Mmoja na kushuka hadi Barabara ya Sokoine, unafika Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultan Majid wa Zanzibar.

Boma hilo linastahili mtu ateremke. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mlango wake ni wa nakshi wa Kizanzibari. Katika nyumba za namna hiyo dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti imara huwa na urefu wa mita tatu hivi, vyumba vya pwani vimekuwa vyembamba na virefu kwa karne nyingi. Jahazi lililoleta boriti kutoka Rufiji lilifanya kazi ileile iliyofanywa na mashua za Loire kwa mawe ya makasri. Hatua chache mbele yapo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yote mawili ya enzi za Wajerumani.

Upepo ukitakiwa, uko Daraja la Tanzanite, la kilomita 1.03, lililozinduliwa mwaka 2022 na linalopita baharini mbele ya mdomo wa Msimbazi. Anayetoka upande wa Hospitali ya Aga Khan kwenda Coco Beach anapata kusi mgongoni, kwa mshazari kutoka kulia, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo unamgeukia na kumpiga usoni. Vikundi vya asubuhi vinavyofanya mazoezi pale vinaweza kujifunza mstari wa mshazari bila nauli ya kwenda Ufaransa. Waende alfajiri, kabla jua halijaamsha upepo wa bahari na kabla wapiga picha hawajajaza kingo.

Habari inayogusa zaidi bonde ni mradi wa uendelezaji wake, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Mpango ni kuchimba na kupanua mto, kuinua ardhi ya kingo, kujenga daraja refu la Jangwani na kuweka bustani ya jiji mahali palipokuwa na nyumba. Umoja wa waendesha baiskeli, UWABA, umedai njia salama jijini kwa miaka mingi, na zile zilizowekwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mwendokasi zimegeuzwa mahali pa kupanga viatu na kuegesha bodaboda. Hapa somo la Loire linafaa: njia ikae juu ya tuta, ifuate mto kutoka Vingunguti na Kigogo hadi Selander, na isikatizwe na barabara kila baada ya mita 200.

Bustani zina tabia ya kuchorwa kwa ajili ya watu wa Jumapili, wenye kofia ngumu na nguo za kubana. Bonde hili linawahitaji watu wa Jumatatu: wachuuzi wa samaki wanaotoka Feri na matenga, wauza madafu, na waendesha maguta wanaobeba vitunguu na saruji kutoka Kariakoo. Wao ndio ambao asilimia moja ya mlima inawaongezea kazi mara mbili. Kwa hiyo upana wa njia upimwe kwa guta, na upimwe kwa maguta mawili yenye mzigo kamili, yakipishana bila mmoja kulazimika kushuka.