Majaji wa Kuazima wa New York

Donald Trump alipotiwa hatiani Mei 30, 2024 kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara, jina la Jaji Juan Merchan lilisomwa dunia nzima. Wachache walijua kwamba katika Mahakama Kuu ya New York, Merchan alikuwa kaimu. Mwaka 2006 Meya Michael Bloomberg alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Familia. Mwaka 2009 akapelekwa Mahakama ya Madai, inayosikiliza watu wanaolidai jimbo fidia. Huko nako akaazimwa kwenda Mahakama Kuu kusikiliza kesi za jinai, na miaka 15 baadaye alikuwa bado anakaimu.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Ibara ya 6 ya Katiba ya New York inaruhusu majaji wa mahakama moja kupangiwa kazi kwa muda katika nyingine, wakiwamo wa ngazi ya chini kupandishwa. Mtanzania anayewafahamu mahakimu wakazi wenye mamlaka ya ziada, wanaopelekewa kesi za Mahakama Kuu, hatalishangaa jambo hili.

Kinachoshangaza ni kwamba muda huo hauishi, na chanzo kimo ndani ya Katiba hiyohiyo. Majaji wa Mahakama Kuu huchaguliwa kwa kura kwa miaka 14, na idadi yao haiwezi kuzidi jaji mmoja kwa kila wakazi 50,000 wa eneo la mahakama, au sehemu inayozidi 30,000. Lakini kesi hazifuati hesabu ya wakazi. Manhattan hujaa kila asubuhi watu wanaolala kwingine, na mabenki na makampuni yake yanashtakiana kwa mabilioni. Wote hao hawamo katika hesabu.

Basi viongozi wa mahakama wakazoea kuazima. Mwaka 1973, Gavana Nelson Rockefeller alipopitisha sheria kali za dawa za kulevya, Bunge la jimbo liliongeza majaji wa Mahakama ya Madai huku likijua wazi kwamba watakwenda kusikiliza kesi za jinai. Mpango huo ulipingwa, na mwaka 1974 Mahakama ya Rufaa ikaubariki. Mwaka 1982 mahakama hiyohiyo ilikuwa kali zaidi: ilibatilisha utaratibu wa Jaji Mkuu Lawrence Cooke wa kuwapandisha majaji kwa zamu, kwa kuwa haukufuata njia iliyowekwa na Katiba. Kesi hiyo ilifunguliwa na mwendesha mashtaka wa Manhattan, Robert Morgenthau.

Gharama hulipwa na wanyonge. Jaji akipandishwa, kiti chake cha chini hubaki wazi. Mama aliyekwisha kueleza mbele ya jaji mmoja jinsi mtoto wake anavyoishi kwa baba wikendi hujikuta akianza upya mbele ya mwingine. Isitoshe, kaimu anayeweza kurudishwa chini wakati wowote anafanya kazi kwa ridhaa ya wakubwa wake, ilhali jaji anapaswa kuhukumu bila kumwogopa yeyote.

Mwaka 2024 Bunge la jimbo lilipitisha kwa mara ya kwanza pendekezo la kufuta kikomo cha wakazi 50,000. Ili libadili Katiba, pendekezo hilo lilihitaji kupitishwa tena na Bunge lililochaguliwa baada ya hapo, kisha wananchi walipigie kura.