Asiye na Nishati Ndiye Aipotezaye

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu asiye na umeme hutumia nishati kidogo. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipokwenda kukaa na bibi yangu huko Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, na kila msomaji wa Kyela anaijua mvua ya Aprili. Bibi hupikia mafiga matatu. Kuni zilikuwa zimelowa, na maharage yaliyobandikwa asubuhi yaliiva alasiri. Sababu ni hii: maji yaliyomo katika kuni lazima yageuke mvuke kwanza. Kilo moja tu ya maji hayo hula joto ambalo lingechemsha kama lita saba za maji ya kunywa. Tena, katika mafiga ya wazi, joto liingialo chunguni ni kama sehemu moja tu katika nane. Lililobaki huchukuliwa na upepo.

Nikamwambia, "Bibi, tujenge jiko la udongo, lapunguza kuni." Akanijibu, "Mjukuu wangu, tutalijenga saa ngapi, nami kutwa nzima nimo mlimani kutafuta kuni?" Sikuwa na jibu.

Usiku nilisomea kibatari, ambacho hunywa lita moja ya mafuta ya taa kwa muda wa saa 100 hivi. Nilipiga hesabu ya fizikia nikaona ya kuwa nishati ya lita hiyo ingewasha taa ya umeme ya wati 5 kwa saa 2,000, na kwa nuru kubwa zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zimefika vijiji vingi. Lakini kutandaza nyaya nyumbani kwahitaji fedha, na fedha za bibi huishia katika mafuta ya taa, kidogo kidogo.

Nikirudi shuleni niliona kilima cha pumba kikifuka moshi karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Pumba ni kama sehemu ya tano ya uzito wa mpunga, na joto lake halipungui sana na la kuni kavu! Ila katika mafiga hazifai, hufuka tu. Hushindiliwa ndani ya debe kuizunguka chupa. Kisha chupa huchomolewa ili hewa ipite katikati, kutoka tundu la chini.

Mwenzangu nami tumekwisha kupata debe. Bibi amesema hatabandika maharage yake juu ya debe hilo kabla hajaliona likichemsha chai.