Bega la Mpagazi, Mkono wa Livingstone

Katika njia ya misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mpagazi wa Kinyamwezi alitambulikana kwa mbali. Watu wa pwani walijitwisha mizigo kichwani. Yeye aliibeba begani, mkono umeinuliwa kuishikilia. Mzigo wa kawaida ulikaribia kilo 30.

Lakini hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka kwa urahisi kama bega hilo lililobeba mzigo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, na kikombe kinachokipokea hakina kina: hufunika kama robo yake tu. Kwingine kote hushikiliwa na kano na misuli. Uhuru huo ndio unaotuwezesha kuzungusha mkono kila upande, na ndio hatari yenyewe. Mtu akianguka huku mkono umeinuliwa na kupinduka nje, kichwa cha mfupa huchomoka, mara nyingi kwa mbele.

Madaktari huita hali hiyo luksasio. Neno ni la Kilatini, lenye undugu na loxos la Kigiriki, yaani kilichokwenda upande. Kiswahili kimeona zaidi. Kutegua ni kinyume cha kutega, kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga: kilichokuwa kimetegwa kimefyatuka, na kinaweza kutegwa tena. Ila mitaani tunasema "nimeteguka" hata kano zikivutika tu na mfupa haujahama, na hayo ni majeraha mawili yenye tiba mbili.

Lipo na jeraha la tatu, na lilipita Tabora. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba aliuvunja mfupa wa juu wa mkono wa kushoto wa mmisionari David Livingstone. Haukuunga. Ncha zake mbili zikabaki zikicheza pale ambapo hapakuwahi kuwa na kiungo. Tiba huita hali hiyo kiungo cha uongo. Kwa mkono huo aliishi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872.

Alipofariki mwaka uliofuata, katika Zambia ya leo, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, ambako Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari wenyeji walizuia maiti kupita, wabebaji wakaufunga mwili ufanane na mtumba wa nguo, wakaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874.

Mwili ulipofika London, uso haukutambulika tena. Daktari mpasuaji William Fergusson aliuchunguza mfupa wa mkono wa kushoto, akalikuta vunjiko lile lisiloungana, akathibitisha kuwa ni yeye. Livingstone akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Kati ya wale waliombeba, aliyehudhuria ni Jacob Wainwright. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza mazishi yameshapita.