Dawa ya Mawazo Nayo Ipigiwe Kura

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Butembo. Siku hizi nasikia sana sifa za programu za simu za kutuliza mawazo. Mtu anasikiliza sauti ikimfundisha kuvuta pumzi polepole, baada ya wiki kadhaa anaulizwa hali, anajibu nafuu. Haya, imeponya!

Haijathibitika. Mtu hutafuta msaada siku aliyozidiwa, na baada ya hapo wengi hupata afueni hata wasiposaidiwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la huku kwetu, mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji vilipigiwa kura: vingine vikapata tiba ya vikundi, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika hivi vya pili, wenye dalili za huzuni au hofu kali walipungua kutoka 83 kwa kila 100 hadi 42, miezi sita baada ya matibabu. Ukiviona peke yake utapiga vigelegele. Kumbe wa tiba ya vikundi walitoka 71 wakafika 9.

Kura ya namna hii tunaijua. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa wa Ebola wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waligawiwa dawa mbalimbali kwa bahati nasibu, katika jaribio la Pamoja Tulinde Maisha. Watu waliuliza kwa nini huyu apewe ile na yule hii. Walikuwa na haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba hakuna aliyejua ipi bora. Agosti 2019 likasimamishwa mapema: waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa kila 100.

Kifo kinahesabika, lakini huzuni lazima iulizwe. Dodoso la kigeni halitoshi mpaka wenyeji waeleze kwanza mwenye mawazo mengi hapa anakuwaje: halali, shamba limemshinda, watoto hawasemeshi. Naye muulizaji asijue mtu yuko kundi lipi, asije akasikia anachotaka kusikia.

Tena simu yetu ni ya nyumba nzima. Sauti aliyotumiwa dada mkubwa husikilizwa na mdogo wake aliyepangwa kundi lingine, na jaribio limeharibika. Afadhali kura ipigwe kwa kijiji au mtaa mzima. Na ujumbe wa siri ukisomwa na mume, mama anaweza kupigwa. Hilo lipangiwe ulinzi kabla ya kura.

Linalonisumbua zaidi ni wanaopotea. Betri imekwisha, unite za simu hakuna, au kijiji kimekimbia mashambulizi upande wa Beni. Wakibaki wenye nafuu tu, programu mbovu itang'aa. Kila mtu ahesabiwe katika kundi alilopangiwa, awe alisikiliza au hakusikiliza, na atafutwe kwa miguu ikibidi. Kwa hiyo anayeleta programu yake Butembo mimi namuuliza kwanza: pesa ya pikipiki ya kuwatafuta hao, umeiweka wapi katika bajeti?