Kukamilisha Mafunzo kwa Vitendo ya Ustawi wa Jamii: Mfano wa Kitangari

Katika elimu ya ustawi wa jamii, mafunzo kwa vitendo ya mwisho ni kipindi ambacho mwanafunzi anayekaribia kuhitimu hupangiwa ofisi, hukabidhiwa mashauri ya watu halisi, na huyashughulikia chini ya uangalizi wa ofisa mwenye uzoefu ambaye ndiye anayebeba dhamana ya kila uamuzi. Wanafunzi wenyewe hukiita kipindi hicho fildi, na wengi wao hukipima kwa wiki: zikitimia, daftari la kumbukumbu za kila siku likasainiwa na kupigwa muhuri, basi kazi imekwisha. Kipimo hicho hakitoshi. Shauri la mtoto aliyekosa matunzo au la mzee aliyebaki peke yake halifuati kalenda ya chuo, na mara nyingi mwanafunzi huondoka likiwa bado katikati. Kwa hiyo mafunzo hayo huhesabika kuwa yamekamilika pale tu ambapo kila shauri limefungwa ipasavyo au limekabidhiwa kwa mtu mwingine, huku mhusika akimjua atakayemhudumia baada ya hapo.

Desturi ya kufundishia kazi hii ofisini na majumbani mwa watu ina zaidi ya karne moja. Mwaka 1898 jumuiya ya hisani ya jiji la New York ilianzisha kozi ya wiki sita ambayo washiriki wake walisikiliza mihadhara na kutembelea taasisi za misaada, na mwaka 1917 Mary Richmond, aliyekulia kikazi katika jumuiya za aina hiyo, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa kina namna ya kukusanya na kupima ushahidi kuhusu hali ya mtu kabla ya kuamua msaada anaouhitaji. Viwango vya kimataifa vya elimu ya ustawi wa jamii, vilivyopitishwa mwaka 2004 na kurekebishwa mwaka 2020, vinayahesabu mafunzo kwa vitendo kuwa sehemu ya lazima ya masomo. Nchini Tanzania, huduma za ustawi zilianza kupangwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya askari waliorejea makwao, na chuo cha taifa cha kuwaandaa maofisa kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ndicho kinachojulikana leo kuwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Wanafunzi wengi hupenda kufanyia mafunzo yao jijini humo, karibu na chuo na karibu na ndugu wa kuwapa malazi. Hata hivyo, mahali kama Kitangari, makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Newala katika uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, pana mafunzo ambayo ofisi ya mjini haiwezi kuyatoa kwa urahisi. Katika halmashauri ya wilaya, kitengo cha ustawi wa jamii kimo ndani ya idara moja na afya na lishe, na maofisa wake ni wachache kulingana na wingi wa vijiji, hivyo mwanafunzi hapangiwi dirisha moja la huduma hadi mwisho. Asubuhi anaweza kusikiliza wanandoa walioletwa kwa usuluhishi, mchana akapelekwa kituo cha afya kuthibitisha kwamba mzee mwenye umri wa miaka 60 na zaidi hana uwezo na anastahili matibabu bila malipo, na siku ya pili akafuatana na msimamizi wake kwenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, kwa ajili ya mtoto aliyefanyiwa ukatili. Upana huo una faida kubwa, lakini una hatari yake pia: mahali penye upungufu wa watumishi, mwanafunzi hugeuka haraka kuwa mtumishi wa ziada, akafanya mengi bila kusimamiwa katika lolote.

Kuingia ofisini hakuhitaji maelezo marefu. Barua ya utambulisho hupita kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, na hakuna nyumba inayotembelewa kabla mwenyekiti wa kitongoji hajapewa taarifa. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa karibu ni namna mwanafunzi anavyojifunza kusikia anachoambiwa, na chombo kikuu cha kulifundisha hilo ni kumbukumbu ya mazungumzo, yaani maandishi yanayorejesha mazungumzo kama yalivyokuwa, kauli kwa kauli. Karatasi hugawanywa katika safu nne: maneno yaliyosemwa, hisia za mwanafunzi wakati yanasemwa, mbinu aliyoitumia au aliyokusudia kuitumia, na safu ya mwisho huachwa wazi kwa ajili ya msimamizi.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ingawa mambo yake ni ya kawaida katika uwanda huo. Mwanafunzi amekwenda kumwona bibi anayelea mjukuu ambaye ameacha kuhudhuria shule. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani na za mashamba, safu ya kwanza inaonyesha mwanafunzi akiuliza, "Bibi, baba wa mtoto huyu analeta matumizi?" na bibi akijibu, "Baba yake yupo, mjukuu wangu, lakini neno la mtoto lina mjomba wake." Katika safu ya pili mwanafunzi ameandika kwamba alimkasirikia baba huyo, na katika safu ya tatu kwamba alianza kueleza sheria. Msimamizi, kwenye safu ya nne, ameandika swali moja: je, mjomba anaishi wapi?

Swali hilo dogo linabeba somo zima. Wamakonde, kama walivyo Wamakua na Wayao wanaoishi nao katika wilaya za Newala na Masasi, ni jamii ambazo kwa desturi mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ana sauti katika mambo makubwa ya maisha yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wake, inaweka wajibu wa matunzo kwa wazazi, akiwemo baba, na ofisa ustawi wa jamii hana ruhusa ya kuiweka sheria hiyo kando kwa sababu ya mila. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hujifunza kuyashika yote mawili kwa pamoja: baba aitwe na awajibike, na mjomba ashirikishwe mapema, kwa kuwa makubaliano yaliyoandikwa ofisini bila mtu ambaye ukoo unamsikiliza huvunjika kabla ya mwezi kuisha. Kuandika katika taarifa kwamba mtoto "ametelekezwa", wakati hakuna aliyeuliza ni nani mwingine katika ukoo anayemtazama, ni kosa la uchunguzi na linaweza kumwondoa mtoto mahali ambapo angeweza kulelewa.

Hali kadhalika, kuna suala la fedha. Matunzo ya mtoto kwa kawaida hupangwa kwa mwezi, kana kwamba kila mzazi hupokea mshahara, ilhali sehemu kubwa ya kipato cha kaya katika uwanda huo hutokana na korosho, ambayo huuzwa kwa msimu unaoanza takriban Oktoba, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, korosho hupigwa mnada, na malipo huja baadaye. Mwaka 2018, baada ya mvutano wa bei minadani, serikali iliamua kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa muda mrefu. Katika mwaka wa aina hiyo, baba asiyetoa matumizi mwezi Januari anaweza kuwa mkaidi, na anaweza pia kuwa hajalipwa. Mpango wa matunzo unaofaa Kitangari ni ule unaotenga sehemu kubwa wakati wa malipo ya msimu, ukataja vitu vya kutolewa katika miezi mingine, kama vile chakula, sare na madaftari, na ukaandikwa kwa namna ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kuusimulia kwa usahihi.

Maji nayo yana nafasi yake katika tathmini ya ustawi wa mtoto. Ardhi ya uwanda wa juu hunyonya mvua na haina mito ya kutegemewa, ndiyo maana kwa miongo mingi maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, hasa chanzo cha Mitema, na mitambo inaposimama ndoo hutafutwa mbali. Mtoto anayechelewa shule kila siku kwa sababu ya ndoo hizo hahitaji mlezi mpya. Huenda anahitaji mwalimu mkuu anayefahamu sababu na kamati ya kijiji inayoshughulikia maji.

Kuhusu jando na unyago, wageni wengi hufika na hukumu iliyokwisha kuandikwa, wakahusisha kila mimba ya mwanafunzi wa kike na mafunzo ya kungwi. Hukumu hiyo humfungia ofisa milango kwa akina mama ambao ndio wa kwanza kujua binti gani yumo hatarini. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa kuyapa mafunzo ya jando sura ya Kikristo badala ya kuyapiga marufuku, na ingawa namna yake inaweza kujadiliwa, alitambua kwamba desturi yenye mizizi hubadilishwa na walio ndani yake. Mwanafunzi wa leo hana budi kusimama imara dhidi ya ndoa za utotoni na kukatizwa masomo, na wakati huohuo kukaa chini na makungwi na kuwasikiliza.

Mambo yote hayo hayafundishiki bila usimamizi, ambao mtaalamu wa Marekani Alfred Kadushin, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliugawa katika kazi tatu: kuhakikisha kwamba kazi inafanywa kwa mujibu wa taratibu, kumfundisha anayesimamiwa, na kumtegemeza moyoni. Kazi ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kijana wa miaka 23 aliyesikiliza kwa saa nzima maelezo ya mtoto aliyebakwa hawezi kutakiwa kurejea chumba chake cha kupanga na kulala usingizi; anahitaji mtu wa kumwambia kwamba kutetemeka kwake si udhaifu, na kwamba yapo yaliyo nje ya uwezo wake. Saa moja kwa wiki iliyotengwa kwa ajili hiyo, mlango ukiwa umefungwa na simu zimewekwa pembeni, ina thamani kuliko saini 60 kwenye daftari.

Wiki za mwisho ndizo zinazoonyesha kama usimamizi huo ulikuwepo. Tarehe ya kuondoka inapaswa kutajwa kwa mhusika tangu siku ya kwanza na kukumbushwa mapema, kwa sababu mtoto ambaye amekwisha kuachwa na watu wazima kadhaa atamhesabu mwanafunzi kuwa mmoja wao iwapo atatoweka ghafla. Kisha huja ziara ya makabidhiano, ambapo mwanafunzi na ofisa atakayeendelea na shauri hukaa pamoja mbele ya mhusika, na yaliyokubaliwa hurudiwa kwa sauti. Muhtasari unaowekwa kwenye jalada, yaani faili la shauri, hueleza hali ilivyokuwa, hatua zilizochukuliwa, hatari iliyobaki, tarehe ya ufuatiliaji, na, jambo ambalo wengi huliacha, ahadi zote zilizotolewa kwa mdomo. Ahadi ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa, iliyotamkwa kibarazani kwa nia njema, haifutiki kwa sababu aliyeitoa amerudi chuoni.

Namba ya simu ni tatizo la aina hiyohiyo. Mhusika ataendelea kupiga, na mwanafunzi mwenye huruma ataendelea kupokea, akitoa ushauri ambao hakuna anayeusimamia wala kuuandika. Ni afadhali tangu mwanzo mawasiliano yapitie simu ya ofisi au ya mtu aliyeteuliwa kijijini, ili yasikatike pamoja na safari. Upo pia mfuko wa korosho au kuku anayeletwa kuaga. Maadili ya kazi yanakataza kupokea malipo kutoka kwa anayehudumiwa, lakini kumrudishia bibi zawadi yake mbele ya majirani ni kumvunjia heshima. Njia inayofaa ni kumwarifu msimamizi, kupokea kilicho kidogo kwa jina la ofisi, na kukataa kwa upole chochote kinachotolewa wakati shauri bado halijaamuliwa.

Baada ya hapo mwanafunzi hubakiwa na taarifa ya mwisho, inayosomwa na mhadhiri ambaye pengine alifika Kitangari mara moja tu, kwa saa chache, na anayelazimika kutoa alama kutokana na maandishi. Vyuo vingefanya vyema kuipa kumbukumbu ya mazungumzo na muhtasari wa makabidhiano uzito mkubwa kuliko sura za utangulizi zinazoeleza historia ya halmashauri, kwani hizo hunakiliwa kutoka taarifa za miaka iliyopita. Katika kuiandika, kufuta jina la mhusika hakutoshi. Kijijini, "mjukuu wa kungwi anayeishi karibu na bomba la maji, aliyeacha shule darasa la sita" ni mtu mmoja anayejulikana na wote, na taarifa hiyo itasomwa na watu ambao baadhi yao wanatoka Newala. Kwa hiyo umri hutajwa kwa makadirio, kijiji hakitajwi, na maelezo yoyote ya ukoo yasiyohitajika katika kuelewa shauri huondolewa kabla nakala haijapelekwa chuoni, wakati jalada lenye majina kamili likibaki limefungiwa kabatini Kitangari.