Shilingi Zinazotoka Kila Jumamosi

Mkulima wa Trans Nzoia huuza mahindi mara moja kwa mwaka. Wa Bungoma mwenye miwa hungoja takriban mwaka mmoja na nusu ndipo akate, kisha angoje tena malipo. Lakini mkufunzi wa mpira anataka chake kila Jumamosi, mwalimu wa tuisheni kila Ijumaa jioni, na wa bodaboda papo hapo. Familia nyingi za Kitale na Bungoma huumia hapa bila kujua zinaumizwa na nini: pesa huingia kwa msimu, shughuli za watoto hula kwa wiki. Kazi yangu ni kukaa na vyama vya akiba na kupitia madaftari ya matumizi ya nyumbani. Karo huwa imeandikwa mpaka shilingi ya mwisho. Gharama hizi za kila wiki hazina hata mstari mmoja.

Hazionekani kwa sababu ni ndogo. Hakuna anayeita kikao cha familia kwa ajili ya shilingi 200. Basi tuziandike.

Tuchukue familia ya mfano mjini Kitale, yenye watoto watatu. Bei nitakazotaja ni za kuonyesha hesabu tu. Wewe weka zako. Kifungua mimba, miaka 13, anaenda akademia ya soka Jumamosi asubuhi kwa shilingi 200. Bodaboda ni 50 kwenda na 50 kurudi. Mazoezi yakiisha, muuza smoki amekwisha kuegesha mkokoteni wake penye geti, watoto wote wamemzunguka, na hakuna mzazi anayetaka wake awe ndiye anayetazama wenzake wakila: smoki na kachumbari, soda ndogo, 80. Jumla 380. Wa pili, miaka 10, anasoma tuisheni jioni nne kwa shilingi 50 kila jioni, na Jumamosi nusu siku kwa 100. Giza likishaingia hawezi kutembea peke yake, kwa hiyo kuna bodaboda ya kumrudisha mara nne, shilingi 200. Jumla 500. Kitinda mimba anajifunza kuogelea hotelini Jumapili kwa 300, lakini ana miaka 7 na lazima mzazi aende naye. Nauli ya wawili ni 200, na mzazi hawezi kukaa kwenye kiti cha hoteli bila kuagiza kitu, 100 nyingine. Jumla 600.

Kwa wiki zimetoka shilingi 1,480. Ada zenyewe, zile mzazi anazotaja ukimuuliza, ni 800. Zilizobaki, 680, ni nauli, chakula na kusindikiza. Kwa kila shilingi 100 iliyotangazwa, nyingine 85 zimefuata nyuma yake bila kutajwa. Nikikutana na mzazi anayelalamika kwamba akademia ni ghali, mara nyingi akademia haina kosa kubwa. Kinachomla ni njia ya kufika huko.

Sasa tuipeleke hesabu mwaka mzima. Kalenda ya shule ya 2025 ilikuwa na mihula ya wiki 13, 14 na 9, yaani wiki 36. Zidisha 1,480 kwa 36 upate 53,280. Ongeza njumu za mtumba, vazi la kuogelea na fulana ya timu, tuseme 3,000 kwa mwaka, na umefika 56,280. Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kununua mahindi kwa shilingi 4,000 gunia la kilo 90. Kwa bei hiyo, watoto hawa watatu wamekula magunia 14. Ekari moja iliyopata mvua na mbolea kwa wakati huku kwetu inaweza kutoa magunia 15 hadi 20, na hapo hujatoa gharama ya trekta, mbegu, palizi na mbolea yenyewe. Shughuli za kila wiki zimekwisha kumeza mavuno ya karibu ekari nzima, na faida yake yote imekwenda nayo.

Na kwa kuwa mahindi hayapo ghalani Machi wala Juni, pesa hiyo hutafutwa kwingine. Wengi huipata kwenye Fuliza, mkopo wa M-Pesa. Mkufunzi hutumiwa 200 ambazo hazipo kwenye simu, ada ya deni inaongezwa juu yake, na malipo ya maziwa yakiingia Jumanne yanakatwa kabla mwenyewe hajayaona. Mzazi anasema maziwa hayalipi siku hizi. Maziwa yanalipa, yamelipia Jumamosi iliyopita.

Bei peke yake haitoshi kumwambia mzazi aache nini. Mimi huomba watu wahesabu muda ambao mtoto anashughulika kweli, si muda aliopo pale. Kaa kando ya bwawa utazame. Mwalimu ni mmoja, watoto ni wengi, na wengi wao wameketi ukingoni wakitetemeka wakingoja zamu. Ikiwa mwanao aliingia majini nusu saa kwa jumla, zile 600 ni sawa na shilingi 1,200 kwa saa. Soka, saa mbili za kukimbia kwa 380, ni 190 kwa saa. Tuisheni, saa moja na nusu kila jioni kwa jioni nne na saa nne za Jumamosi, ni saa 10 kwa shilingi 500. Hamsini tu kwa saa.

Ndiyo maana tuisheni hushinda kila mara. Ni rahisi kuliko vyote, na mzazi hujiona amefanya la maana. Lakini saa 10 hizo zimetoka kwa mtoto wa miaka 10 ambaye tayari amekaa darasani tangu asubuhi. Zimetoka kwenye usingizi wake, mchezo wake na maongezi na nyanya yake. Sikubaliani hata kidogo na hesabu inayoweka sifuri mahali hapo.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wachache wanalijua. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni muda wa michezo, vilabu na sanaa. Dakika 75 kwa siku, siku tano: saa sita na robo kila wiki, mara tatu ya zile saa mbili unazonunua Jumamosi, na hakuna nauli kwa kuwa mtoto tayari yuko shuleni. Kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, mgao wa serikali uliowekwa 2018 ni shilingi 22,244 kwa mwaka, na ndani yake 1,500 zilitengwa kwa shughuli hizi, kama shilingi 42 kwa kila wiki ya masomo. Mgao huo umekuwa ukifika pungufu na kwa kuchelewa, na walimu wakuu wana haki ya kulalamika. Lakini uwanja haungoji mgao. Muda ule, katika shule nyingi, umegeuzwa kuwa masomo ya ziada yanayolipiwa. Mzazi anatoa pesa ili mtoto anyimwe mchezo wa bure, kisha anatoa tena Jumamosi ili aupate.

Kuhusu likizo, sheria iko wazi zaidi. Mwaka 2012 waziri wa Elimu Mutula Kilonzo alipiga marufuku tuisheni ya likizo, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikaitia adhabu: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ukiletewa barua ya mchango wa masomo ya Agosti, hata ikiitwa pesa za motisha, una haki ya kuuliza inaruhusiwa na nini.

Najua hofu iliyopo. Mtaala mpya umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na moja ni sanaa na sayansi ya michezo. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na baadhi ya wazazi wameanza kuamini kwamba bila akademia ya kulipia mtoto atakosa njia hiyo. Tazama tunakoishi. St. Anthony's ya Kitale imetajwa nchi nzima kwa soka, na Friends School Kamusinga kwa mpira wa magongo, na majina hayo yamejengwa kwenye nyasi za shule, kwa mwalimu aliyebaki uwanjani kengele ilipolia.

Nje ya shule pia kuna vya bei nafuu ambavyo tumevizoea mpaka hatuvioni. Bendi za Jeshi la Wokovu hufundisha watoto tarumbeta. Vijijini Bungoma bado wapo wazee wanaopiga ala ya litungu na wangefurahi kupata mwanafunzi. Shuleni nako, vilabu vya kilimo vya 4K vilifufuliwa 2021, na kwa kaunti zinazolima sidhani kuna kilabu kinachofaa zaidi. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na makumbusho ya binafsi ya Kanali Stoneham ya 1926 na kufunguliwa kwa umma 1974, yana njia ya msituni ambamo mtoto anaweza kumaliza asubuhi nzima akitazama tumbili na ndege.

Baada ya hayo, ukibaki na shughuli moja ya kulipia kwa kila mtoto, ile ambayo yeye mwenyewe huiulizia siku mbili kabla, ilipie kwa msimu wako na si kwa msimu wa mkufunzi. Ukiuza mahindi Novemba au Desemba, nenda kwake na pesa ya muhula mzima wa kwanza na umwombe punguzo. Wengi watakubali, kwa sababu Januari nao hawana kitu. Wazazi wanne wa mtaa mmoja, iwe Section Six ya Kitale au Musikoma ya Bungoma, waelewane na dereva mmoja wa tuktuk kwa mwezi. Chama kiwe na sanduku la shughuli za watoto, mbali na la karo. Na kwa familia za Kibukusu, Agosti ya mwaka shufwa kama 2026 ni ya tohara: kuna ng'ombe, kuna wageni, kuna busaa, na sanduku lolote lililo na pesa litafunguliwa. Muhula wa tatu ulipiwe kabla ya Julai kwisha.